Upepo, Septemba na Viza: Tiketi ya Ng'ambo Hununuliwa Lini?

Tarehe 24 Aprili 1498, Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi akielekea India. Mfalme wa Malindi alikuwa amempa rubani aliyeijua njia, na kusi lilikuwa linaanza kuvuma. Haukuisha mwezi, meli zake zikawa zimefika karibu na Calicut.

Kurudi ndiko kulikoharibika. Aligombana na watawala wa kule, akaondoka Calicut mwishoni mwa Agosti bila kungoja upepo ugeuke. Tarehe 5 Oktoba akaanza kuivuka bahari ile ile, na pwani ya Afrika hakuiona hadi tarehe 2 Januari 1499. Karibu miezi mitatu, kwa safari ambayo wakati wa kwenda haikumaliza mwezi. Mabaharia wapatao 30 walikufa njiani, wengi kwa kiseyeye. Waliobaki walikuwa wachache hata ikabidi meli moja ichomwe moto kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Bahari ilikuwa ile ile na nahodha yule yule. Kilichobadilika ni tarehe.

Nimeanza na huyo Mreno kwa sababu kuna swali ambalo kila mtu wa rika langu huuliza akipata nafasi ya kwenda majuu: ninunue tiketi sasa ama ningoje? Tunalichukulia kama swali la juzi, swali la simu. Unaangalia bei saa sita usiku, unafunga, unaangalia tena kesho asubuhi, imepanda elfu nane, unalaani. Msee mmoja anakuapia kwamba Jumanne ndiyo siku ya bei nafuu. Mwingine anakwambia ufute kumbukumbu za simu kwanza ndiyo wasikujue. Wazee nao wana methali mbili za kukupa, na zinapigana: haraka haraka haina baraka, na chelewa chelewa utapata mwana si wako.

Swali hili lina umri mkubwa kuliko ndege. Jibu lake limebadilika mara kadhaa, na kila lilipobadilika kuna aliyefaidika na kuna aliyeumia. Ukiifuata historia hiyo unaanza kuelewa ni kwa nini mtu mwenye pasi ya Kenya, hata awe mwerevu namna gani, mara nyingi hujikuta akinunua tiketi siku zile mbaya kabisa.

Msimu

Neno "msimu" tulilipata kwa Waarabu, na Wazungu walilipata jina lao la pepo za Bahari ya Hindi kutoka kwa neno hilo hilo, mawsim. Kwa watu wa pwani, msimu na safari vilikuwa karibu kitu kimoja. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, kaskazi huvuma kutoka Uarabuni na India kuja huku. Aprili upepo hugeuka, na kusi huanza kusukuma kwenda huko. Katikati ya kusi, Juni na Julai, bahari huchafuka kiasi kwamba majahazi yalitulia bandarini.

Kwa hivyo mfanyabiashara wa Lamu au Mombasa aliyetaka kwenda Muscat au Gujarat hakuwa na mengi ya kuamua. Siku zake zilikuwa zimeshapangwa. Akizikosa, alingoja. Kungoja kwenyewe kulikuwa na gharama: miezi ya kula na kulala ugenini, mali imekaa ghalani, na wengine walioa huko huko walikokwamia.

Hata hivyo upepo ulikuwa na haki ya aina yake. Kalenda yake ilijulikana na kila mtu. Tajiri mwenye jahazi na hamali wa bandarini waliisoma ile ile, na hakuna aliyeweza kumficha mwenzake kwamba kusi limekaribia. Da Gama hakuumia kwa kukosa habari. Aliumia kwa kupuuza jambo ambalo kila mvuvi wa pande zile angemwambia bure.

Bei moja

Meli za mvuke zilianza kuuvunja utawala wa upepo karne ya 19, hasa baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869. Halafu zikaja ndege. Mwaka 1931 Imperial Airways ilifungua njia kutoka London hadi Mwanza, ikipitia Kisumu. Neno "rubani", ambalo zamani lilikuwa la mtu wa kuongoza chombo baharini kama yule aliyemvusha da Gama, likapanda juu angani.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kukatokea jambo ambalo leo ni vigumu kuliamini. Aprili 1945 mashirika ya ndege yalikutana Havana yakaunda IATA, na kwa zaidi ya miaka 30 nauli za kimataifa zikawa zinapangwa kwenye mikutano yake, kisha serikali zinazipitisha. East African Airways, iliyoanza kuruka mwaka 1946, ilizaliwa katika dunia hiyo. Zilikuwepo nauli nafuu za msimu na za vikundi, lakini kwa tiketi ya kawaida, aliyenunua miezi mitatu mapema na aliyenunua juzi walilipa sawa.

Usidhani basi kwamba hiyo ilikuwa enzi ya raha. Bei haikuruka, kweli, lakini ilikuwa juu na ilikaa huko huko juu. Swali la "lini" halikuwa na uzito kwa sababu swali la "utatoa wapi" lilikuwa limeshamaliza watu wengi.

Septemba 1959

Hapo ndipo Tom Mboya anapoingia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 nafasi za Makerere zilikuwa chache mno kwa vijana waliokuwa wakimaliza sekondari. Mboya, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 30, alienda Marekani akazungukia vyuo na mikutano akiomba ufadhili. Vyuo vikaitikia. Ndipo ikajitokeza shida ambayo Mkenya yeyote anaijua: karatasi ya chuo unayo, ada imepunguzwa ama imefutwa, lakini nauli huna. Mtoto wa mkulima wa Nyeri au Siaya angetoa wapi tiketi ya New York?

Tena kulikuwa na tarehe. Vyuo vya Marekani hufungua karibu na Septemba. Udhamini wa Septemba hauli hadi Januari.

Jibu la Mboya na wenzake, kina Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri huku, na mfanyabiashara William Scheinman kule, lilikuwa kuacha kabisa kununua tiketi moja moja. Walikodi ndege nzima. Barua ya kuomba michango Marekani ilitiwa saini na Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Huku nyumbani familia na vijiji vilichanga kwa ajili ya mahitaji mengine ya watoto wao. Tarehe 9 Septemba 1959 wanafunzi 81 walitua New York.

Mwaka uliofuata waliotaka kwenda walikuwa mara tatu, na pesa hazikuwepo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa imekataa kulipia ndege hizo. Julai 1960 Mboya akamwendea Seneta John F. Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, na wakfu wa familia ya Kennedy ukaahidi dola 100,000. Kumbuka huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Habari zilipofika upande wa Nixon, ghafla na serikali nayo ikapata pesa ilizokuwa imesema haina. Ndege ziliruka, na mmoja wa waliosafiri mwaka huo alikuwa msichana wa miaka 20 aliyekuwa akienda kusoma Kansas. Dunia ilikuja kumjua kama Wangari Maathai.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha elimu na uhuru, na ni sawa. Mimi nakisoma pia kama kisa cha tiketi. Tarehe ilikuwa ngumu, bei ilikuwa ngumu, na hakuna hata mmoja kati ya wale 81 ambaye angeweza kuvishinda viwili hivyo peke yake. Waliovishinda ni kikundi, na kikundi hicho kilianza kukusanya pesa miezi mingi kabla.

Nani anayechelewa?

Ukitaka kuelewa kilichofuata, simama steji yoyote ya katikati ya Nairobi saa kumi na moja jioni, mawingu yakiwa yamejaa. Kabla ya mvua nauli ni hamsini. Matone ya kwanza yakianguka ni themanini. Ikinyesha vizuri ni mia, na ukiuliza sana utaachwa. Makanga hajui jina lako wala mshahara wako. Anajua jambo moja tu, kwamba saa hiyo huna namna.

Mashirika ya ndege yalifika kwenye wazo hilo kwa hesabu. Mwaka 1972 Ken Littlewood, aliyekuwa akifanya kazi na shirika la Uingereza la BOAC, alitoa kanuni fupi ambayo hadi leo inafundishwa. Chukua mfano wangu. Kiti kimoja kina bei mbili: 60,000 kwa anayenunua mapema na 120,000 kwa anayenunua siku za mwisho. Leo mteja wa 60,000 amesimama mbele yako. Umuuzie, ama umkatalie ukimngoja yule wa 120,000 ambaye huenda asije? Littlewood anasema: muuzie, mradi uwezekano wa yule wa pili kuja haujazidi nusu. Ukizidi nusu, funga bei ya chini.

Ndiyo maana ile bei "iliyopanda" usiku, mara nyingi haikupanda. Ndege moja ina ngazi nyingi za nauli, kila ngazi na herufi yake. Viti vya ngazi ya chini viliisha au vilifungwa, nawe ukaonyeshwa ngazi inayofuata.

Kanuni peke yake isingetosha. Ilihitaji mashine, na mashine ilikuwepo: American Airlines na IBM walikuwa wamejenga mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi nafasi, Sabre, tangu miaka ya 1960. Ilihitaji pia ruhusa ya kubadilisha bei. Ndani ya Marekani ruhusa hiyo ilikuja tarehe 24 Oktoba 1978, Rais Carter alipotia saini sheria ya kuondoa udhibiti wa serikali juu ya nauli na njia za ndege.

Likabaki swali moja. Ukiwa na bei mbili kwa kiti kile kile, utamzuiaje tajiri asinunue ile ya chini? Huwezi kumuuliza ana pesa ngapi. Unatafuta alama. American Airlines, chini ya Robert Crandall, iliamua kwamba alama ni muda. Mtalii anajua safari yake mapema. Mfanyabiashara anaitwa mkutanoni leo, kesho anataka kuwa hewani, na analipiwa na kampuni. Kwa hivyo bei nafuu ikapewa anayenunua mapema na kukubali masharti, na bei kubwa ikabaki kwa anayekuja dakika za mwisho. Januari 1985 walitangaza nauli za aina hiyo zilizoshuka hadi kulingana na zile za People Express, shirika la bei rahisi lililokuwa limeanza kuruka 1981. People Express haikuwa na mfumo wa kuchuja wateja namna hiyo. Kufikia 1987 ilikuwa imemezwa na Continental.

Tangu hapo kuchelewa kukawa dalili ya kuwa na pesa. Sasa hivi tunaona ni jambo la kawaida tu, kama jua kuchomoza mashariki. Lakini halikuwa lazima liwe hivyo. Septemba 1977 Mwingereza Freddie Laker alianzisha Skytrain, London hadi New York kwa pauni 59 kwenda, na tiketi iliuzwa siku ya kusafiri. Vijana walipanga foleni na mablanketi yao. Kwa Laker, aliyechelewa alikuwa maskini mwenye muda mwingi, na ndiye aliyepewa bei ya chini. Shirika lake lilianguka Februari 1982, na wazo la kwamba mtu wa dakika ya mwisho anaweza kuwa hohehahe likafifia pamoja nalo.

Wapo waliojaribu kuipiga mashine kwa mashine. Oren Etzioni wa Chuo Kikuu cha Washington alinunua tiketi mapema kwenda harusi ya kaka yake, kisha ndani ya ndege akagundua kuwa wenzake walionunua baadaye walikuwa wamelipa kidogo. Mwaka 2003 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliotumia bei zaidi ya 12,000 zilizokusanywa kwa siku 41, kuonyesha kwamba kompyuta inaweza kukisia kama ununue au ungoje. Kampuni iliyotokana na kazi hiyo, Farecast, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2008, na huduma ya kutabiri bei ikafungwa mwaka 2014. Ushauri wote wa mtandaoni wa "nunua siku hii, epuka siku ile" ni ndugu wa wazo hilo.

Nalo lina dhana moja ndani yake: kwamba siku ya kununua unaichagua wewe.

Viza

Sasa rudi Nairobi. Rafiki yako amepata nafasi ya kusoma Ujerumani au Ufaransa, ama amealikwa warsha ya wiki mbili Lisbon. Anajua vizuri kwamba mapema ni nafuu. Atanunua?

Kwa safari fupi za Schengen, ombi la viza halipokelewi kabla ya miezi sita kufika siku ya safari, na kwa kawaida huamuliwa kwa siku 15 tangu lipokelewe, au zaidi wakitaka kuchunguza. Kwanza lakini upate miadi. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Unatakiwa kuonyesha nafasi uliyohifadhi ya kwenda na kurudi, si lazima tiketi iliyolipiwa. Marekani nayo huwaambia waombaji waziwazi wasinunue tiketi kabla ya kupewa viza. Ushauri mzuri kabisa. Nani anataka kubaki na tiketi isiyorudishwa na pasi yenye muhuri wa kukataliwa?

Basi anangoja. Viza inatoka zikiwa zimebaki siku tisa. Anakimbilia tiketi, na mashine inamwona hivi: mtu anayetaka kuruka wiki ijayo, tarehe zake hazibadiliki. Kwa hesabu ya miaka ya 1980, huyo ni meneja mwenye mkoba. Kwa ukweli wa mtaani, ni kijana wa Kayole ambaye mamake ameuza ng'ombe. Wote wawili wamechelewa, na mashine haina jicho la kuwatofautisha. Wakati huo huo mtu wa pasi ya nchi isiyohitaji viza alinunua kiti cha jirani miezi mitatu iliyopita akiwa kitandani.

Si kila mara inakuwa hivyo. Kuna ndege huondoka na viti vitupu, na kuna siku za mwisho zilizo nafuu. Lakini kumwambia Mkenya "nunua mapema" kama vile ni suala la nidhamu ni kutojua kwamba tarehe yake imeshikwa na mtu mwingine nyuma ya kioo. Yule hamali wa Mombasa angalau alijua kusi litakuja.

Kuna na shilingi. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na kufikia mwisho wa Machi ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Tiketi ya dola 1,000 ilikuwa imepungua shilingi 30,000 bila shirika la ndege kugusa chochote. Hakuna Jumanne inayoweza kukufanyia hivyo.

Kamati ikae lini?

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo wenzangu wanaoenda masters nawasindikiza kwa M-Pesa. Nimekuwa ndani ya grupu za kutosha za "Tumsaidie Fulani Afike" na zote zina mpangilio mmoja. Grupu hufunguliwa siku viza inapotoka. Kabla ya hapo hakuna anayetaka kuchanga, maana je, akinyimwa? Pesa zinaanza kuingia zikiwa zimebaki siku tisa, mia mbili mia tano, na zinatosha zikiwa zimebaki siku nne. Ule ucheleweshaji wa ubalozi tunauongezea wa kwetu.

Watu wa 1959 walifanya kinyume. Walichanga kwanza, wakati hakuna uhakika wa chochote, kisha wakaitafuta ndege kwa pamoja. Sehemu ya mbinu yao bado ipo. Mashirika mengi ya ndege huuza nauli za kikundi, kwa kawaida kuanzia watu kumi, na kwa kawaida huruhusu kulipa malipo ya awali kwanza na majina yatolewe baadaye. Majina baadaye: hiyo ni karibu dawa ya viza. Mwanafunzi mgeni haruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya masomo kuanza, kwa hivyo kila Agosti wanafunzi wengi hutoka Nairobi ndani ya wiki chache zile zile, kila mmoja akipigana na bei peke yake, wengi wao wakiwa kwenye grupu moja la WhatsApp la wanaosafiri.

Kwa hivyo ukiwa na barua ya chuo mkononi, usianze na bei. Anza na tarehe ya kwanza unayoweza kuomba viza, uombe wiki hiyo hiyo. Muulize wakala masharti mawili kabla ya kuuliza nauli: nikinyimwa viza narudishiwa ngapi, na kubadilisha tarehe ni pesa ngapi. Tafuta wenzako tisa. Na kamati iitwe siku barua ilipofika, mweka hazina ajulikane, na iandikwe wazi kwamba viza ikikataliwa pesa zinarudi kwa wenyewe ama zinamngoja anayefuata. Nina hakika kwenye grupu lako yupo.